SEO, matangazo ya kulipia au kurasa za mitandao: uanzie wapi ukiwa Kigoma

Kama uko Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu au hata Kibondo, una simu nzuri na akili inachaji, na umeshaamua unataka kazi ya masoko ya mtandaoni, kinachokukwamisha mara nyingi sio uvivu, ni kwamba njia ziko tatu na kila mtu anasifia ya kwake. Mmoja atakwambia soma SEO ulipwe na wazungu, mwingine atakwambia SEO imekufa saivi watu wanauliza ChatGPT, jifunze kusponsa matangazo, wa tatu atakwambia we chukua kurasa za maduka Instagram uzisimamie hela inaingia kila mwezi. Wote wana ukweli wao ila hakuna anayekuuliza wewe unaweza kukaa miezi mingapi bila kulipwa, na huyo mfanyabiashara unayetaka kumhudumia wanunuzi wake wanampataje. Kwangu mimi haya ndio maswali yanayoamua, jina la kozi linakuja baadaye sana.

Kwanza tuelewane kwenye majina. SEO ni kazi ya kufanya websaiti au biashara ya mtu ionekane juu Google bila kulipia tangazo. Matangazo ya kulipia ni pale unapoilipa Google, au Meta wenye Facebook na Instagram, au TikTok, waonyeshe tangazo kwa watu uliowachagua. Kusimamia kurasa ni kuposti, kupiga picha na video, kujibu komenti na meseji, kutunza WhatsApp ya biashara, kazi ya kila siku isiyoisha.

Nitazipima zote kwa vipimo vilevile: hela ya kwanza inachukua muda gani kufika, unahitaji nini mkononi kuanza, huku kwetu nani hasa anaweza kukulipa, na kesho yake ikoje hasa na haya mambo ya akili bandia. Mwisho wa kila moja nitasema inamfaa mtu wa aina gani, maana kuna kazi ni nzuri kabisa ila ukipewa mtu asiye wa tabia hiyo ataichukia ndani ya mwezi.

SEO, kazi ya kutafutwa

Hela ya kwanza. Hapa niwe mkweli, ndio njia inayochelewa kuliko zote. Google wenyewe kwenye ushauri wao kwa wenye biashara wanaotaka kuajiri mtu wa SEO wanasema mara nyingi inahitajika miezi minne hadi mwaka mpaka maboresho yafanyike na faida ianze kuonekana, na wanasema wazi kwamba hakuna mtu anayeweza kuahidi namba moja Google. Kwahiyo mtu akikuuzia kozi kwa kukwambia utawapandisha wateja namba moja ndani ya wiki mbili, mkimbie, na wewe pia usimwahidi mteja hivyo hata kama unataka sana hiyo kazi. Sababu ya kuchelewa ni ya kawaida tu, roboti ya Google lazima ipite kwenye websaiti, isome, iiweke kwenye ghala lake, alafu ndio iilinganishe na websaiti nyingine zote zinazogombea swali hilohilo, na zile za zamani zenye kuaminika zimeshakaa pale miaka.

Cha kuanzia. Laptopu ya kawaida, bando, na uvumilivu wa kusoma. Vifaa vya muhimu ni bure: Search Console inakuonyesha watu waliandika maneno gani mpaka wakaiona websaiti yako, wangapi wakabonyeza, na ulikuwa nafasi ya ngapi, na inatunza kumbukumbu za miezi 16. Google Trends, inayoonyesha watu wanatafuta maneno gani zaidi, bure. Google Analytics, inayoonyesha watu wanafanya nini wakishaingia kwenye websaiti, bure, ila ukikuta mafunzo yaliyorekodiwa kabla ya 2023 angalia vizuri, maana ile Analytics ya zamani iliacha kupokea data Julai 2023 na saivi ni toleo jipya linaloitwa GA4, ukisoma ya zamani utajikuta unatafuta vitufe ambavyo havipo. Kitu kingine ambacho watu hawasemi ni Kiingereza. Maandiko mengi ya kujifunzia ni ya Kiingereza, na wateja wanaolipa vizuri kwenye SEO huku kwetu wanahitaji kurasa za Kiingereza kilichonyooka.

Nani analipa Kigoma. Mtalii wa Ujerumani anayetaka kuona sokwe hawezi kupita mtaa wa Mwanga akauliza boti za Gombe ziko wapi, ataandika Google. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968, ukitoka Kigoma mjini unaifikia kwa boti, Mahale ni tangu 1985 na iko mbali zaidi kusini, na dunia nzima inalijua jina la Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyeanza kazi yake Gombe mwaka 1960. Ongeza Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, ongeza MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913. Haya ni majina ambayo watu wa mbali wanayaandika kwenye Google bila sisi kuwaomba. Mwenye boti, mwenye loji, mwenye kampuni ndogo ya kutembeza wageni, hawa ndio wateja wa SEO, kwa sababu mnunuzi wao anaanza safari kwa kutafuta, na booking moja ya Mahale ina hela ya kutosha mwenye biashara aone sababu ya kukulipa.

Alafu kuna mlango mdogo wa SEO ambao mtu mpya anaweza kuingilia mapema, nao ni Google Maps. Ile Google Business Profile, yani profaili ya biashara inayotokea kwenye ramani ya Google, ni bure, na Google wanasema wazi wanapanga matokeo ya karibu kwa vitu vitatu: biashara inaendana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani na mtafutaji, na inajulikana kiasi gani. Fikiria mtu ameshuka stesheni ya Kigoma usiku, mwisho wa reli, anaandika gesti karibu na mimi. Gesti yenye picha za vyumba, namba ya simu inayopatikana, saa sahihi na maoni ya wageni wa kweli ndio itapigiwa. Kufungua, kuhakiki na kupanga hiyo profaili ni kazi ya siku chache, na unaweza kuitoza. Ila usinunue maoni ya uongo, Google wanayakataza na wanaweza kuyafuta yote pamoja na kuizuia profaili, alafu atakayeumia ni mteja wako.

Muuza dagaa wa jumla pale mwalo wa Kibirizi je? Kwake SEO sio kipaumbele hata kidogo. Wanunuzi wake wa Dar na Mwanza wanampata kwa simu na kwa jina, na wapya wanampata WhatsApp. Ukimuuzia websaiti na SEO unampotezea hela.

Kesho yake. Ni kweli mambo yamebadilika. Google ilishawahi kutikisa watu kwa mabadiliko ya mfumo wake yaliyoitwa Panda mwaka 2011 na Penguin mwaka 2012, waliokuwa wanaishi kwa makala za kujazia na viungo (linki) vya kununua kutoka websaiti nyingine wakaanguka. Mwaka 2024 ikaja na majibu ya akili bandia juu kabisa ya ukurasa, yalianza Marekani mwezi wa tano na ndani ya mwaka huohuo yakasambaa nchi zaidi ya 100. Maana yake makala ya aina ya "mawese ni nini" inajibiwa palepale juu na mtu habonyezi tena. Lakini anayetaka kukodi boti kesho asubuhi, jibu la maelezo peke yake halimtoshi, anahitaji bei, picha, namba na mtu wa kumjibu. SEO ya kuandika makala nyingi za jumla kwa hela ndogo inakufa kweli, na mtu mpya asiingilie huko. Inayobaki ni ya kuelewa biashara ya mtu na kurekebisha websaiti yake isomeke, iwe nyepesi kwenye simu, na iseme kitu ambacho hakipo kwingine.

Inamfaa mtu mtulivu, anayependa kuchimba kwanini kitu kimetokea, anayesoma Kiingereza bila kuchoka, na ana pa kula wakati anajifunza.

Matangazo ya kulipia

Hela ya kwanza inaweza kuja haraka, hata mwezi wa kwanza, kwa sababu tangazo likiwashwa leo simu zinaweza kuanza kuita leo. Ila hapo hapo ndipo hatari ilipo, maana hela ya mtu inaungua mbele ya macho yenu wote wawili.

Cha kuanzia ni zaidi ya unavyodhani. Unahitaji kadi inayokubali malipo ya mtandaoni (hata zile kadi za kidijitali zinazotolewa kwenye pochi za simu zinasaidia), unahitaji akaunti safi, na unahitaji hela kidogo ya kufanyia mazoezi kwa biashara yako au ya ndugu kabla hujashika ya mgeni. Mafunzo ya bure yapo, Skillshop ya Google ina kozi na vyeti vya Google Ads, na Meta wana Blueprint. Cheti kitakufungulia mlango wa usaili, ila hakimshawishi mwenye duka la vitenge, yeye anataka kuona umewahi kumletea nani wateja.

Hapa nataka tukae kidogo kwenye hesabu, kwa sababu hii kazi ni hesabu, ubunifu unafuata. Chukua mfano tu, namba ni za kufundishia. Mteja anaweka shilingi 100,000. Kila anayebonyeza anagharimu 250, kwahiyo watu 400 wamebonyeza. Kati yao 20 wameandika WhatsApp, kati ya hao 4 wamenunua, kila aliyenunua ameacha faida ya 30,000. Jumla ya faida ni 120,000, toa 100,000 ya tangazo inabaki 20,000, na hapo bado hujalipwa wewe! Ukiishia kumwonyesha mteja kwamba tangazo limeonwa na maelfu ya watu atafurahi wiki moja, wiki ya pili atakaa chini apige hesabu hiyohiyo kwa kalamu yake na atakuacha. Sasa angalia, kama wale 20 wangejibiwa ndani ya dakika tano badala ya jioni na wakanunua 8, faida inakuwa 240,000 na kila mtu anapumua. Yani mara nyingi tatizo halipo kwenye tangazo, lipo kwenye nani anajibu simu, na mtu wa matangazo mzuri analisema hilo mapema kabla hajapokea hela. Uliza pia kama VAT imo ndani ya bajeti au iko juu yake, ili mteja asishangae makato.

Kwenye Google kuna mnada kila mtu anapotafuta, na sio mwenye hela nyingi tu anayeshinda, wanaangalia pia tangazo linaendana kiasi gani na kilichotafutwa na ukurasa unaopelekwa ukoje. Kwahiyo mtu mwenye ujuzi kidogo wa SEO anakuwa mzuri huku pia.

Nani analipa Kigoma. Wauza vitenge wanaotuma mikoani, shule binafsi msimu wa kuandikisha, wauza viwanja, kampuni za utalii, wauza mawese na sabuni wanaotaka mawakala Dar. Bidhaa inayosafiri au yenye bei kubwa ndio inavumilia gharama ya tangazo. Mgahawa mdogo pale Mwanga faida ya sahani moja haiwezi kubeba.

Na ujue msimu! Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa mavuno yanashuka, sasa ukiwasha tangazo la dagaa wiki ya mbalamwezi unaleta wanunuzi kwenye ghala tupu. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, aliyekuwa anasimamia matangazo ya dagaa ilibidi awe amepanga hilo kabla. Mtu wa matangazo aliyekaa Dar hayawazi haya, wewe wa Kigoma unayajua toka utotoni, na huo ni ujuzi unaouzika.

Kesho yake. Mifumo ya Google na Meta inazidi kujiendesha yenyewe, inachagua watu, inapanga bei, hadi inatunga maneno. Kazi ya kubonyeza vitufe inapungua thamani. Kinachobaki ni kuamua nini kitangazwe, kwa faida gani, na kusoma matokeo bila kujidanganya.

Inamfaa mtu asiyeogopa namba, anayeweza kumwambia mteja "tuzime, hii hailipi", na asiyelala na wasiwasi kwa hela ya mtu. Akaunti ya matangazo siku zote iwe ya mteja, wewe upewe ruhusa tu ya kuingia, mkiachana kila mtu anabaki na chake.

Kusimamia kurasa na kontenti

Hela ya kwanza ndio ya karibu kuliko zote. Unaweza kumwendea dada mwenye saluni leo, mkakubaliana ujaribu mwezi mmoja kwa malipo madogo, na ukaanza kesho. Ni ndogo lakini ipo, na kwa mtu ambaye nyumbani wanamwangalia hilo sio jambo dogo.

Cha kuanzia: simu yenye kamera nzuri, bando, na miguu ya kutembea. Laptopu inaweza kusubiri.

Nani analipa. Karibu kila mtu mwenye duka ila wengi wanalipa kidogo na wanachelewesha, huo ndio ukweli wa soko letu. Wanaolipa vizuri zaidi ni loji, shule, hospitali binafsi, na mashirika, hasa yale yanayofanya kazi na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huko Kasulu, ambayo huhitaji watu wa mawasiliano wanaoweza kupiga picha kwa heshima na kuandika ripoti kwa Kiingereza. Nafasi hizo ni chache na ushindani ni mkubwa, lakini mwenye kazi za kuonyesha anasikilizwa.

Kwa wauza dagaa, mawese na kahawa ya milimani upande wa Buhigwe, kazi kubwa ipo WhatsApp kuliko Instagram. WhatsApp Business ipo tangu 2018 na ni bure, ina katalogi ya bidhaa, ina lebo za kutenganisha wateja waliolipa na wanaosubiri mzigo. Ujue pia ile orodha ya kutuma kwa mpigo (broadcast) inabeba watu 256 na inamfikia tu aliyeisevu namba yako, kwahiyo kazi ya kwanza ni kuwafanya wanunuzi waisevu namba. Wafanyabiashara wengi hawalijui hili wanadhani meseji zimefika. Alafu hizo namba ni taarifa za watu, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, usizichukue ukampelekea mteja wako mwingine hata akikubembeleza.

Kesho yake. Maneno ya posti saivi programu inaandika kwa sekunde, kwahiyo mtu anayeuza maneno ya posti peke yake ana hali ngumu. Lakini programu haiwezi kwenda Kibirizi alfajiri ikarekodi mzigo ukishushwa, ikamwuliza mama muuzaji bei ya leo, ikaonyesha dagaa wakianikwa bila mchanga. Mnunuzi wa Dar anayeogopa kutapeliwa anataka kuona hicho hasa, mzigo halisi wa leo na sura ya mtu anayemtumia hela. Hapo thamani yako inapanda.

Shida yake kubwa ni uchovu. Meseji zinaingia saa tano usiku, mwenye biashara anataka posti ya harusi ya binamu yake kwenye ukurasa wa biashara, na usipoandika mkataba mfupi wa posti ngapi kwa wiki na saa zipi unajibu, utafanya kazi ya watu watatu kwa hela ya nusu mtu.

Inamfaa mchangamfu, anayependa watu, mwenye jicho la picha, anayehitaji kipato mapema.

Kuhusu ajira au kujitegemea

Hili niliseme kwa ufupi. Kampuni za matangazo nyingi ziko Dar, na kukaa ndani ya moja hata mwaka unaona bajeti na makosa ya wengine, unajifunza haraka kuliko peke yako, ila mshahara wa kuanzia lazima ubebe kodi ya chumba na nauli za Dar. Kubaki Kigoma maisha ni nafuu na ushindani ni mdogo, lakini hakuna wa kukukosoa kazi. Kazi za nje kupitia masoko ya kazi ya mtandaoni kama Fiverr au Upwork zipo, Fiverr wanachukua asilimia 20 ya kila kazi, na mtu mpya anashindana na India na Ufilipino kwa bei, kwahiyo nenda huko ukiwa na kitu maalumu, kwa mfano Kiswahili, kuliko kwenda kusema najua kila kitu. Kabla hujakubali kazi hakikisha njia ya kupokea hela inafanya kazi Tanzania. Na kama unafikiria kufungua chaneli au websaiti yako ya habari ili ujifunzie, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zinahusika, pita TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uulize kwanza.

Sasa kwa hali yako

Kama unahitaji hela ndani ya mwezi huu na una simu tu, anza na kurasa, chukua biashara mbili sio saba, na katika hizo moja iwe inayouza nje ya mkoa ili uone hela halisi inavyozunguka. Baada ya miezi michache ongeza matangazo kwa mteja huyohuyo, maana utakuwa unajua maswali ya wanunuzi wake.

Kama unakaa nyumbani, unalishwa, Kiingereza kiko vizuri na unapenda kusoma, nenda SEO, ila anza kwa profaili za Google Maps za gesti, maduka ya dawa na hadwea za mtaani kwenu, alafu tafuta loji moja au mwenye boti mmoja ufanye nae kazi mwaka mzima. Ripoti moja ya Search Console inayoonyesha kabla na baada itakusaidia kuliko vyeti kumi.

Kama ulisoma uhasibu, biashara au takwimu, au umekulia dukani kwa mzazi na hesabu ya faida iko kichwani, matangazo ya kulipia yanakuita. Anza na duka la nyumbani kwenu, bajeti ndogo, andika kila shilingi kwenye daftari.

Kama ni mwalimu au una ajira nyingine na unataka kitu cha jioni, usichukue kurasa, zitakuvuruga kazini, SEO inakubali masaa mawili ya usiku na weekendi.

Na kama mteja anayekusubiri ni baba mdogo mwenye boti ya kupeleka wageni Gombe, tayari una jibu: profaili ya Google wiki hii, websaiti ndogo ya Kiingereza yenye bei na picha za kweli mwezi ujao, matangazo ya kulipia msimu wa wageni ukikaribia, na Instagram inaweza kungoja.